Kusawazisha ubao mnene wa kilo 100 nyumbani: kabari kwanza, mashine baadaye (uzi mrefu)

#1 KabariMbili

Habari za kazi wakuu. Kuna maswali mengi ya watu wenye ubao mpana uliotoka kupasuliwa, hauingii kwenye mashine yoyote ya randa, nao hawajui waanzie wapi. Mimi wangu nimeumaliza juzi, nauandika uzi huu nikiwa bado nakumbuka kila hatua.

Ubao wenyewe ni mvule. Urefu mita 2.4, upana sentimita 80, unene sentimita 8. Ukipiga hesabu ni mita ya ujazo 0.15 na kidogo, na mvule mkavu una kama kilo 650 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tunaongelea kilo 100. Peke yako huunyanyui. Chumba changu cha kazi kinaniruhusu kuuzunguka nikitembea kiubavuubavu.

Kasoro zilikuwa tatu. Umebonyea kwa upana kama mtumbwi, milimita 5 hivi katikati. Umepinda kwa urefu, kidogo tu. Na iliyonisumbua kuliko zote, umesokoteka: ukishikilia kona tatu zikae mezani, ya nne inabaki hewani milimita 14.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Wengi wetu tukipata ubao wa namna hii tunakimbilia kutengeneza reli mbili za pembeni na kigari (sanduku la wazi linaloteleza juu ya reli likibeba ruta), kisha tunawasha ruta, ile mashine ya mkono inayozungusha kisu kiitwacho biti. Ruta haijui ubao umelalaje, inakata ulivyouweka. Unene utakaobaki nao mwishoni unaamuliwa na vile vipande vidogo ulivyochomeka chini ya kona kabla waya haujaenda ukutani.

Angalieni hesabu ya ubao wangu. Nikiulaza kwenye kona tatu na kukata ile ya nne, inabidi niondoe milimita 14 pale. Nikiugeuza, upande wa pili nao una msokoto ule ule, kwa hiyo natoka na 80 kutoa 14, yaani 66. Lakini nikiinua kona mbili za mshazari (ile iliyokuwa hewani na inayotazamana nayo) kwa kabari za milimita 7 kila moja, msokoto unagawanyika. Juu naondoa 7 kwenye kona mbili, chini naondoa 7 kwenye kona mbili nyingine, nabaki na 73. Ubao ni ule ule na mashine ni ile ile, lakini nimeokoa milimita 7 za mvule. Mti umekua miaka mingi sana kutengeneza hizo milimita 7, mimi sioni sababu ya kuzigeuza vumbi.

Msokoto nauona kwa fito mbili. Mbao kavu, zimenyooka, kimo sawa, na moja nimeipaka wino mweusi ukingo wa juu. Unaweka moja kila mwisho wa ubao, unarudi nyuma hatua mbili, unachuchumaa, unafumba jicho moja, halafu unashusha kichwa polepole mpaka fito ya karibu ianze kuifunika ya mbali. Ubao usiosokoteka, ule mstari mweusi unatoweka wote kwa mara moja. Wangu ulizama upande wa kushoto huku wa kulia bado uko juu unene wa kidole. Fito zikiwa ndefu kuliko upana wa ubao ni bora zaidi, kwa sababu zinakuza kosa: fito yenye urefu mara mbili ya upana inakuonyesha msokoto mara mbili.

Kisha nachomeka kabari, narudi kuchungulia, nasogeza, nachungulia. Nilitumia karibu saa mbili kwa kazi hii peke yake. Ikishatulia naweka kabari nyingine chini ya katikati ili ubao usilegee kwa uzito wake, nazibana zote kwa gundi ya moto zisihame kwa mtetemo. Pembeni napiga vipande vya mbao mezani kwa skrubu kuuzuia usiteleze, vikiwa chini kabisa ya pale biti itakapofika.

Tafadhali sana: usiukandamize ubao na klampu ili ukae sawa. Utaukata ukiwa umelazimishwa, ukilegeza klampu utarudi kwenye umbo lake na kazi yote imepotea.

Mengine ya reli na kigari nitaeleza chini, naona uzi unarefuka.

#2 Mpasuaji

Uzi mzuri mkuu. Ila kabla ya kabari kuna swali ambalo watu hawaulizi: ulikuwa umekauka? Ubao wa sentimita 8 uliopasuliwa mwaka huu ukiusawazisha leo, baada ya miezi michache utakuwa mtumbwi tena.

#3 KabariMbili

Swali la msingi hilo. Ulikaa kivulini miaka mitatu, umepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite juu na chini, ncha zote mbili zimepakwa rangi nzito zisipasuke. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na hapo ni makadirio tu, mbao nzito huchelewa zaidi.

Kipima unyevu cha sindano husoma karibu na uso, katikati ya ubao mnene hakifiki. Mimi nilitumia mizani ya kupimia watu. Unaweka mwisho mmoja wa ubao juu ya mizani, mwisho wa pili juu ya kipande cha mbao cha kimo hicho hicho. Mizani itasoma karibu nusu ya uzito. Andika. Rudia kila mwezi, ukiweka mahali pale pale. Namba ikiacha kushuka, ubao umepatana na hewa ya mahali ulipo. Wangu ulikaa miezi minne bila kubadilika ndipo nikaugusa.

#4 Mpasuaji

Hiyo ya mizani naichukua. Niongezee wasiojua kwa nini ubao unabonyea: mbao husinyaa kufuata duara za mti takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Kwa hiyo uso uliokuwa upande wa gome unasinyaa zaidi ya ule wa upande wa kiini, na kingo zinainukia upande wa gome. Angalia duara kwenye ncha ya ubao, utajua bonde litakuwa upande gani hata kabla halijatokea.

#5 Randa_Ndefu

Wakuu, mimi naomba niwatetee wanaotumia mkono. Sina ruta na sijawahi kuihitaji. Ubao wa upana kama huo nausawazisha kwa randa mbili.

Ya kwanza ni fupi, kisu chake nimekinoa kwa duara, kimejitokeza katikati kama kucha ya kidole gumba. Hii haiendi na nyuzi. Unaisukuma kukatisha upana, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ikila milimita nzima au zaidi kwa pigo moja. Maranda yanatoka mafupi na mazito, yanavunjika kama maganda. Kwa mvule hii ndiyo njia salama hasa, maana nyuzi zake zimepishana: ukienda na urefu, hatua moja inateleza, hatua inayofuata inang'oa kipande. Ukikatisha upana haing'oi hivyo.

Usisahau kuukata pembe ukingo wa mbali kabla hujaanza, mpaka chini ya mstari unaotaka kufikia. La sivyo kila pigo linapotoka upande wa pili litabeba kibanzi.

Ya pili ni ndefu, kama sentimita 56. Urefu huo ndio siri yake. Randa fupi inaingia kwenye bonde na kutoka, ndefu inapita juu ya mabonde na kula vilima tu mpaka vilima viishe. Unaanza mshazari, halafu mshazari wa pili, mwisho unaenda na nyuzi kwa maranda membamba. Paka nta ya mshumaa chini ya randa kila baada ya dakika chache, mikono yako itashukuru.

Wazee wetu walianza na tezo kabisa, wamesimama juu ya gogo, na nimeona nyuso walizochonga zinazohitaji randa kidogo tu baada ya pale.

#6 KabariMbili

Mzee Randa_Ndefu, heshima yako. Sibishani nawe, na mwisho wa kazi yangu nilishika randa ndefu mimi mwenyewe. Ila kuondoa milimita 7 za mvule kwenye mita 2.4 kwa mkono ni siku kadhaa za jasho, na mabega yangu si ya kijana. Nimeiachia ruta kazi ya kina, randa nikaipa kazi ya uso.

Jambo moja kuhusu mvule ambalo linawahusu wote, wa mkono na wa mashine: mvule mara nyingine una mawe ndani yake, chokaa ngumu iliyojijenga mtini, hasa karibu na jeraha la zamani. Ukisikia sauti imebadilika ghafla, simama. Mimi nililikuta moja ukubwa wa punje ya mahindi, nikalichimba kwa patasi kuukuu. Pia piga brashi ya waya pande zote kabla ya kuanza kutoa mchanga, na pitisha sumaku kama mti ulikuwa karibu na makazi. Msumari wa uzio uliomezwa na mti hauonekani kwa macho.

#7 KijanaWaPatasi

Shikamooni wakubwa. Nimejaribu kigari cha ruta wiki iliyopita, nimeishia na shida mbili. Katikati ya ubao kuna bonde kwenye upana, rula ikilala inaacha mwanga mwembamba. Pili, kila mstari uliopita umeacha kingo kama ngazi ndogo, ukipitisha kucha inakwama. Reli nimepima ziko sawa kabisa. Nimekosea wapi?

#8 KabariMbili

Marahaba kijana. Shida zako ni mbili tofauti na tiba zake ni tofauti.

Bonde katikati: kigari chako kinalegea. Kinashikiliwa na reli pande zote, ruta ikifika katikati uzito wake unakibonyeza, biti inakata zaidi pale. Usiongeze unene wa sakafu ya kigari, inua kuta zake. Ugumu wa ubavu unapanda kwa kimo mara kimo mara kimo: ukuta wenye kimo mara mbili una ugumu mara nane. Wangu una kuta za sentimita 7, mbao kavu iliyonyooka, zimegundishwa na kupigwa skrubu. Kabla ya kukata weka ruta katikati, weka rula ukingoni, chungulia. Ukiona mwanga, usiwashe.

Ngazi: ruta imeinama. Biti yenye kitako bapa ikiinama hata kidogo, upande mmoja unachimba na mwingine unaelea, kila mstari unaacha kingo. Tazama ngazi zinashuka upande gani, hapo ndipo ruta imelalia. Kwangu kosa lilikuwa chembe ya maranda iliyobanwa chini ya kitako cha ruta. Nilihangaika nusu siku kabla ya kuiona. Kabla ya kila mzunguko napangusa kitako na sakafu ya kigari.

Kuhusu reli "kuwa sawa kabisa", umepima nini? Kila reli peke yake inaweza kuwa imenyooka na bado mbili kwa pamoja zimesokoteka, na msokoto huo utauhamishia kwenye ubao. Weka zile fito mbili juu ya reli, ncha kwa ncha, uchungulie. Au kaza nyuzi mbili za mshazari kutoka kona hadi kona: ziguse tu katikati bila kusukumana, kisha badilisha, ya chini iwe juu, ziguse vile vile. Si lazima reli zilale usawa wa maji, lazima ziwe kwenye uso mmoja. Ila kama sakafu yako ni mbovu, ule mpira wa maji wanaotumia waashi ni njia rahisi ya kufika.

#9 KijanaWaPatasi

Nimechungulia sasa hivi. Reli zimesokoteka, si kidogo. Asante sana mkuu.

#10 MamaSeremala

Mimi nina la kusema kuhusu uzito, maana watu wanaumia migongo kwa kuona aibu kuomba msaada. Nafanya kazi peke yangu siku nyingi na mbao za uzito huo zinapita mikononi mwangu. Sizinyanyui, nazizungusha. Ubao ukiuweka juu ya egemeo katikati yake, mwisho mmoja unapandisha mwingine kwa mkono mmoja. Mezani nauteremsha mwisho mmoja kwanza, mwisho wa pili unafuata. Sakafuni natumia vipande vitatu vya bomba, ukitoka nyuma unarudishwa mbele.

Kugeuza upande wa pili ndiyo hatari. Unausimamisha kwenye ukingo wake mrefu juu ya mkeka mnene au magunia, halafu unaulaza upande wa pili. Ukiwa umesimama kwa ukingo hauna rafiki, ukianza kuanguka usijaribu kuushika, ondoka. Kwa hatua hii mimi naita mtu, kila mara.

Na hili limenigharimu ubao mzima. Nilimaliza uso wa kwanza jioni, ukatoka mzuri, nikaulaza bapa sakafuni juu ya simenti, uso mpya juu, nikaenda kulala. Asubuhi ulikuwa umeshabonyea. Uso wa juu ulipumua usiku kucha, wa chini umeziba kwenye simenti. Nililia kweli. Tangu siku hiyo ubao wowote niliouchonga unalala juu ya vijiti, hata kama naondoka kwa saa moja.

#11 KabariMbili

Dada, hili la vijiti lingepaswa kuwa juu kabisa ya uzi. Mimi baada ya uso wa kwanza niliuacha siku tano juu ya vijiti kabla ya kugeuza. Uliposogea nikausogezea kabari, nikapita tena juu juu kwa milimita moja, ndipo nikaugeuza. Na ni vizuri uondoe kiasi kinachokaribiana pande zote mbili, maana katikati ya ubao mnene kuna unyevu kidogo zaidi kuliko nje. Ukila upande mmoja tu, huo unyevu unakuwa karibu na uso mmoja na ubao unavutana.

#12 Nyuzi45

Kwa nini msiupasue tu kwa urefu vipande vitatu, kila kimoja kipite kwenye mashine ya kawaida, kisha mgundishe? Hasara ya mbao ni ndogo zaidi na kazi ni ya siku moja.

#13 KabariMbili

Hesabu yako ni sahihi, kipande chembamba kina bonde dogo na msokoto mdogo. Kama ubao wangu ungekuwa umesokoteka milimita 30 ningefanya hivyo bila kusita, kuliko kubaki na karatasi. Lakini 14 unavumilika, na michirizi ya huu ubao inatoka ukingo mmoja hadi wa pili bila kukatika. Sikuwa tayari kupitisha msumeno katikati yake. Wapo watakaoona ni ukaidi, mimi nauona ndiyo sababu ya kununua ubao mpana.

#14 Randa_Ndefu

Hapo tuko pamoja.

#15 Mpasuaji

Mkuu tupe na namba za ruta, vijana wasije wakajiumiza.

#16 KabariMbili

Biti yangu ina upana wa milimita 50, shina la milimita 12. Shina jembamba kwa biti kubwa hivyo silishauri. Kasi punguza: ukingo wa biti ya milimita 50 kwenye mizunguko 24,000 kwa dakika unakwenda zaidi ya mita 60 kwa sekunde. Mimi nakaa karibu na 12,000. Kina ni milimita 2 kwa mpito, ya mwisho nusu milimita. Mipito ipishane kwa theluthi ya biti. Waya utoke ukutani kila unapogusa biti, bila kujali kama swichi imezimwa.

Vumbi lenyewe msilidharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na la mvule peke yake linawasha ngozi na kubana vifua vya wengi. Barakoa inayokaa vizuri usoni, madirisha wazi, na nguo za kazi zisiingie chumbani unakolala. Kwa ubao huu nilizoa magunia manne ya maranda na vumbi.

#17 KijanaWaPatasi

Mkuu, upande wa chini nao uwe kama kioo? Mimi nataka meza.

#18 KabariMbili

Hapana. Chini panahitaji kukaa sawa pale miguu inapogusa na pembeni pote, ili unene uonekane mmoja kwa anayetazama. Katikati ya chini nimeacha viraka viwili ambavyo biti haikufika, alama za msumeno bado zipo. Kuvifuta ningepoteza milimita 3 zaidi kwa ajili ya sehemu ambayo hakuna mtu atakayeiona. Pembeni nimebaki na 67. Ningeulaza kwenye kona tatu kama nilivyotaka siku ya kwanza, ningekuwa kwenye 60 au chini.

Ila mafuta paka pande zote mbili kwa kiasi kile kile, viraka vikiwemo. Miguu ikifungwa, matundu ya skrubu yawe mapana kukatisha upana ili ubao uweze kutanuka na kusinyaa, vinginevyo utapasuka.

#19 MamaSeremala

Na sasa umekaaje? Umeshauchungulia tena?

#20 KabariMbili

Jana usiku, dada. Taa moja tu upande wa mbali, nikaweka fito zangu. Mstari mweusi ulizama karibu wote, ukabaki uzi mwembamba kama unywele kwenye ile kona iliyonisumbua tangu mwanzo. Upo juu ya vijiti. Nauacha mwezi mzima, kisha nitaipitisha randa ndefu pale mara mbili au tatu, na kupaka mafuta.